Binti wa Shalumu

Nyumba ya shangazi Zaituni ikijaa, hujaa mpaka viatu vinashuka ngazi. Jumamosi ile viatu vilianza kushuka tangu saa tatu asubuhi, na wageni wenyewe hawakutarajiwa kabla ya saa kumi jioni. Jikoni kulikuwa na wanawake saba na sufuria nne. Chumbani mtoto wa mtu alikuwa amelala juu ya rundo la makoti. Kwenye korido ya fleti ile ya Jette, kaskazini mwa Bruxelles, ukitaka kupita ilibidi mwenzako ajibane ukutani na kuvuta tumbo ndani.

Mauwa alikuwa anakunja sambusa. Alikuwa amekunja ishirini na mbili, na sita zilikuwa zimeshafumuka.

"Dada, hizi nyama zinatoa ulimi," alisema Fatuma, binamu yake, akiinua moja kwa vidole viwili ili jiko zima lione. "Wageni watadhani zinawacheka."

"Mikono imechoka."

"Mikono haijachoka. Mikono iko Uccle."

Mauwa alimkata jicho. Fatuma akacheka kimya, mabega tu yakitikisika. Fatuma alikuwa mtu wa kujua. Mimba zote za Jette alizijua kabla ya wenye matumbo, na siri moja tu ndiyo aliyokuwa ameibana miezi mitano mizima. Siri yenyewe ilikuwa inamtoka puani.

Leo ilikuwa siku ya jibu. Wiki tatu zilizopita Abdul-Aziz, mtu wa Buyenzi, Bujumbura, kama wao, aliyefiwa na mke na mwenye duka la vitambaa kule Anvers, alimtuma mshenga kuleta posa. Baba mkubwa Hamisi, anayesimama mahali pa mdogo wake marehemu Djibril, baba wa Mauwa, aliomba muda wa kufikiri. Sasa muda ulikwisha. Saa kumi wanaume wangekaa sebuleni, kisha shangazi Zaituni angetumwa chumbani kumuuliza msichana.

Na kila mtu alijua inavyokwenda. Msichana ambaye hajawahi kuolewa, akiulizwa, huinamisha kichwa na kunyamaza. Kunyamaza huko ndiko jibu. Shangazi hurudi sebuleni na kusema, "Amenyamaza," na wanaume huinua mikono kusoma Fatiha. Mauwa alikuwa ameshuhudia majibu ya namna hiyo manne, mawili Bujumbura na mawili hapahapa Bruxelles. Hakuwahi kumsikia msichana akifungua mdomo.

Simu ilitetemeka kwenye mfuko wa gauni. Hakuhitaji kuitoa. Ujumbe aliujua kwa moyo tangu jana: *Demain, onze heures et demie. Tafazali kuya. Nday.* Kesho ya jana ilikuwa leo, saa tano na nusu.

Aliketi, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga.

"Wewe mtoto una siafu?" aliuliza shangazi Zaituni, akiwa ameinamia chai. "Niletee hiriki."

Mauwa alifungua kopo. Punje zilikuwa zimejaa nusu. Akalifunika haraka.

"Imekwisha, shangazi. Nitaenda kununua."

Fatuma aliliangalia lile kopo likizama ndani ya mkoba wa Mauwa, akageukia ukuta na kuanza kukohoa.

*

Tramu ya cinquante-et-un, namba hamsini na moja, inatoka huku kaskazini, inapita katikati ya jiji lote, inakwenda mpaka Uccle. Kwa mtu mwenye haraka ni kama saa nzima ya kuadhibiwa. Mauwa alikaa viti vitatu tofauti kabla ya kufika kituo cha treni cha Midi.

Taasisi aliyokuwa anaiendea, ya kusomea lugha za kale, ilikuwa nyumba kubwa ya kizamani yenye bustani, na chini ya ardhi kulikuwa na ukumbi uliojaa nakala za plasta za mawe ya kale, mawe yenye maandishi ya Kiebrania cha zamani kabisa, kabla herufi zake hazijawa za mraba kama zilivyo leo. Mauwa alipajua pale kwa sababu alipasafisha. Alfajiri aliosha ofisi za mtaa wa Schuman, na kila Jumanne na Alhamisi mchana alikuja kuosha sakafu ya ukumbi huu.

Hapo ndipo, katika mwezi wake wa kwanza wa kazi, alipofanya kosa lake.

Kulikuwa na plasta moja ndefu kama kibao cha kukatia nyama, na mtu alikuwa amejaza mistari ya herufi zake kwa chaki, taratibu, ili zionekane. Chaki ile ilikaa wiki tatu. Mauwa alilelewa madrasa ya Buyenzi, ambako aya iliandikwa juu ya ubao kwa wino wa masizi. Mtoto akishaisoma bila kukosea, ubao huoshwa upokee nyingine. Ubao unaokaa na maandishi yaleyale wiki tatu ni wa mtoto mvivu, na kila anayepita anamjua. Mauwa aliona aibu kwa niaba ya huyo asiyemjua. Ukutani kulikuwa na karatasi ya herufi na majina yake, alef, bet, gimel, naye moyoni akajibu alif, ba, jim. Alifuata mistari kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto, siku baada ya siku, ndoo ikiwa pembeni. Siku aliyomaliza kuisoma mistari yote, akachukua sifongo, akaosha.

Alhamisi iliyofuata alimkuta kijana mrefu amesimama mbele ya plasta, mikono imening'inia.

"Nani alipanguza hii?"

"Mimi. Ilikuwa imesomwa."

"Imesomwa na nani?"

"Na mimi."

Kijana aligeuka. Macho yake yalikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe ilikwama njiani.

"Mi nilitumika pa ile kintu trois semaines," alisema. "Ni ya mémoire yangu, ya kumaliza masomo. Herufi kwa herufi."

"Basi moja uliitia chaki mahali pa ufa." Mauwa alichukua simu yake, akawasha taa, akailaza ubavuni mwa plasta ili mwanga upite kwa chini. Vivuli vikaingia ndani ya herufi. "Patasi inaacha kingo mbili, ona hapa. Hii nyingine ni mkwaruzo tu. Ukiutoa, kinabaki kimsalaba, na kimsalaba kwao ni ta. Ulisoma 'mwana wa'. Hapa ni 'binti wa'."

Kijana alitazama jiwe, kisha akamtazama yeye, kisha jiwe tena.

"Binti wa nani?" aliuliza, kama mtu asiyejua.

"Wa Shalumu. Hili jina la baba limebaki. Lake mwenyewe ndilo limevunjika, huku mwanzoni." Mauwa aligusa pale plasta ilipokatika. "Masikini. Kwetu mtu hutajwa vyote viwili. Mimi ni Mauwa binti Djibril. Ungevunja hapo mwanzo, ningebaki nani?"

"Nday," alisema yule kijana, akipangusa chaki kwenye suruali kabla ya kutoa mkono. "Wa Lubumbashi."

Tangu siku hiyo Jumanne na Alhamisi zilikuwa fupi. Nday alimletea karatasi za mawe mengine, naye akazisoma akiwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua. Alimfundisha sheria ya profesa wao: pale jiwe lilipovunjika weka nukta, usijaze unachotamani. Mauwa alimfundisha kutokuogopa kusoma kutoka kulia. Siku moja vidole vyao vilikutana juu ya herufi moja na hakuna aliyeondoa chake, na taa ya simu ikajizima wenyewe hawajui. Jioni alimsindikiza kwa tramu mpaka Jette, mpaka kona ya barabara yao. Kila mara mpaka kona. Mlangoni hakuwahi kufika.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa viti. Ilikuwa siku ya wanafunzi kuonyesha walichojifunza, kila mmoja na jiwe lake, ndugu na marafiki wamealikwa. Mauwa alisimama mlangoni, palepale anapoegemeza fagio. Unga wa sambusa ulikuwa bado kwenye mkono wa gauni.

Mstari wa mbele aliwaona wamama wanne wa kwaya ya kanisa, wamevaa kitenge cha aina moja, na katikati yao mama mnene mwenye mkoba mkubwa mapajani. Hakuwa amemwona hata siku moja, lakini paji la uso lile lilikuwa la Nday. Huyu ndiye maman Thérèse, aliyefunga siku tatu kuombea siku hii, na aliyekwisha kumchagulia mwanawe msichana wa kwaya.

Nday alikuwa amevaa koti la kuazima. Aliwasha tochi, akailaza ubavuni mwa plasta, taa za ukumbi zikazimwa. Vivuli vikaingia ndani ya herufi. Watu wakavuta pumzi, maana ni kitu kizuri kweli kweli, jiwe lililokuwa jeupe tupu likianza kusema.

Alisoma kwa sauti, polepole, kwa Kifaransa akaeleza. Huu ufa, hiki kimsalaba, hapa si mwana, ni binti. Binti wa Shalumu, na jina lake limepotea.

Profesa, mwanamke mzee wa Kibelgiji mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, aliinuka nusu kwenye kiti.

"Jiwe hili nawapa wanafunzi miaka minne sasa," alisema. "Wote wanasoma 'mwana wa', mpaka niwaambie. Wewe sikukuambia. Uliuonaje ule ufa?"

"Sikuuona mimi," alisema Nday. "Nilionyeshwa."

"Na nani?"

Hapo akainua macho, akamwona Mauwa mlangoni. Mauwa aliona furaha ikipanda usoni mwake kama maji kwenye glasi. Kisha macho yale yakashuka mstari wa mbele, kwa mama yake, na yakabaki huko.

"Na mtu wa hapa," alisema. "Une dame du nettoyage." Mama wa usafi.

Watu wakacheka, kicheko kizuri, kisicho na ubaya. Mtu mmoja akapiga makofi kidogo.

"Vizuri sana," alisema profesa, akicheka pia. "Na huyo mama ana jina?"

Nday alifungua mdomo. Mstari wa mbele, maman Thérèse aliuweka sawa mkoba wake mapajani. Nday akaisogeza tochi, vivuli vikatoka ndani ya herufi. Mauwa alihesabu moyoni, akafika saba. Halafu mtu wa nyuma akauliza jiwe lina umri gani, na Nday akamgeukia huyo wa nyuma kwa haraka, kama mtu aliyerushiwa kamba.

*

Nday alimkuta kwenye korido, mbele ya kabati la mafagio.

"Mauwa. Ngoja."

"Nina hiriki ya kununua."

"Nilikuwa nataka kusema."

"Nilikuona ukitaka."

"Maman iko na tension, presha iko inapanda. Ningetaja jina pale, angeuliza, 'Huyo ni nani?' Mi ningejibu nini mbele ya bantu?"

"Ungejibu ni nani."

Nday alijipangusa uso kwa mkono. Alikuwa anatoka jasho ndani ya lile koti, na Mauwa, pamoja na hasira yote, alitamani kumvua.

"Bon," alisema Nday. "Na kwenu? Ni nani ananijua kwenu?"

"Fatuma."

"Fatuma ni radio. Nauliza baba mkubwa yako. Ulimwambia, 'Kuko kijana mumoja, Mukristu, wa Lubumbashi?' Sema."

Lilikuwa swali la haki, na ndiyo maana lilimuuma.

"Unaona," alisema Nday, kwa upole. "Wote wawili tunaogopa. Donc tusubiri kidogo. Miezi sita. Maman atazoea, baba mkubwa atazoea."

"Leo saa kumi wanakuja kuniuliza."

"Kukuuliza nini?"

Akamwambia. Alimwambia habari za Abdul-Aziz, za duka la Anvers, za mshenga, za wiki tatu ambazo alikaa juu ya ndoo akisoma mawe na hakutaja neno. Kadiri alivyosema ndivyo Nday alivyorudi nyuma, mpaka mgongo ukagusa kabati.

"Trois semaines," alisema. "Na utawajibu nini?"

"Kwetu msichana hajibu. Ananyamaza. Wanahesabu kunyamaza kwake kuwa ndiyo."

"Hiyo si kusoma. Profesa anatuambia nini? Pale hakuna kintu, unaweka nukta. Huwezi kujaza."

"Mimi si jiwe, Nday. Mimi wananiuliza." Akaubana mkoba kwapani. "Na wewe ulikuwa na neno moja tu la kusema leo. Herufi zake unazijua zote. Ukaliacha livunjike."

"Mauwa."

"Umenifikisha kona yetu mara ngapi? Mlango ni hatua thelathini kutoka pale. Nimezihesabu, maana kila mara nazitembea peke yangu."

Mlango wa ukumbi ulifunguka. Maman Thérèse alisimama pale na mkoba wake, nyuma yake kitenge cha kwaya kimejaa mlango mzima.

"Nday, photo inakungoja. Uko na nani huko?"

Mauwa alimtazama Nday. Nday alimtazama mama yake. Hatua tatu kushoto, hatua tatu kulia, na yeye katikati, mikono imening'inia kama siku ile ya kwanza.

"Nakuya, maman," alisema.

Mauwa alimsalimia mama yule kwa adabu, akainamisha kichwa kidogo kama anavyosalimiwa mzazi, akapanda ngazi. Hakukimbia. Alianza kukimbia alipofika bustanini.

*

Alirudi Jette saa nane na nusu, amelowa mvua.

"Hiriki iko wapi?" aliuliza shangazi Zaituni.

"Imekwisha madukani."

"Bruxelles nzima?"

"Nzima, shangazi."

Shangazi alimtazama kuanzia utaji unaodondosha maji mpaka viatu vyenye majani ya bustani ya watu. Alimpa taulo na kumsukuma chumbani.

Saa kumi sauti za wanaume zilijaa sebuleni. Mauwa aliketi kitandani, makoti yamemzunguka, akisikia vikombe, akisikia baba mkubwa Hamisi akikohoa kile kikohozi chake cha kufungua mazungumzo. Fatuma alikuwa amekaa sakafuni, amekumbatia magoti, kwa mara ya kwanza maishani hana habari ya kutoa.

Mauwa alisimama, akaketi. Akazunguka kitanda. Akasoma lebo ya koti la mtu. Aliwaza kwamba Abdul-Aziz ana macho mazuri na hapandishi sauti. Aliwaza kwamba kunyamaza ni kazi nyepesi, huhitaji hata kujiandaa. Nday alinyamaza leo na dunia ikaendelea, watu wakapiga picha.

Shangazi Zaituni aliingia na kufunga mlango. Aliketi kando yake, akamshika mkono, akazungumza kwa ile sauti ya siku maalumu.

"Mwanangu. Baba yako mkubwa amenituma. Amekuja mtu wa heshima, tunamjua, tunawajua wazazi wake. Anakutaka umkalie nyumba. Unasemaje?"

Mauwa aliinamisha kichwa. Kilijiinamisha chenyewe.

Nje mvua ilikuwa inapiga dirisha. Shangazi alisubiri kama desturi inavyotaka, akambonyeza mkono kidogo, akavuta pumzi ya mtu aliyeshukuru. Akaanza kuinuka. Magoti yake yakalia.

"Hapana," alisema Mauwa.

"Hapana nini?"

"Sikubali, shangazi. Usiende kusema nimenyamaza."

Shangazi aliketi tena, polepole, kama kitanda kimekuwa mbali. Fatuma alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Kuna mwingine?"

"Alikuwepo. Leo sijui kama yupo."

"Sasa unamkataa huyu kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu. Huyu ni mtu mwema. Nikimnyamazia nitakuwa nimemdanganya mtu mwema."

Kilichofuata kilitokea koridoni, watu wakiwa wamejibana ukutani kila upande ili wasikose. Baba mkubwa Hamisi alitoka, kofia yake mkononi, jambo ambalo halikuwa dalili nzuri.

"Abdul-Aziz ana kosa gani?"

"Hana, baba mkubwa."

"Ni yule Mkongomani?"

Korido nzima ilimtazama Fatuma. Fatuma aliitazama taa ya darini.

"Sikusema kitu," alisema Fatuma. "Nilimwambia mama mkubwa tu."

"Unajua dini yake," alisema baba mkubwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Unajua hapo hakuna njia ya kupitia pembeni. Mimi nitamjibu nini Djibril?"

"Najua, baba mkubwa. Sijakuomba njia. Nimeulizwa kitu kimoja, nimejibu hicho kimoja."

Mzee aliigeuza kofia mkononi. Kisha akavaa kofia, akarudi sebuleni. Walisikia sauti yake ndogo, na baada yake sauti ya Abdul-Aziz, ya taratibu kabisa:

"Afadhali nimesikia leo, mzee wangu. Kesho nilikuwa naenda kununua kitanda." Na baada ya kitambo: "Hizi sambusa ni nani alizikunja? Zimefumuka, lakini ni tamu."

Hapo ndipo kengele ya chini ilipolia.

Simu ya mlangoni ya shangazi Zaituni ilikuwa mbovu tangu mwaka uliopita. Ilisema kwa sauti kubwa, nyumba nzima ikasikia, na haikuwa na namna ya kupunguzwa. Fatuma ndiye aliyekuwa karibu. Aliinua.

"Nani?"

Ikakwaruza, ikapiga mluzi, kisha ikajaza korido.

"Ni Nday. Niko natafuta tonton Hamisi. Niko na maman yangu."

Jikoni mtu alizima moto wa chai. Baba mkubwa Hamisi alitokea tena mlangoni mwa sebule, na nyuma ya bega lake Abdul-Aziz, sambusa mkononi.

Mauwa alinyoosha mkono, akamnyang'anya Fatuma kile chombo. Kifungo cha kufungulia mlango kilikuwa pembeni, kidogo, cheupe. Kidole chake kilikwenda juu yake na kusimama.

"Umekuja kwa nani?" aliuliza.

"Mauwa? Nimekuya kwa tonton Hamisi. Kusema naye. Maman nilimwambia yote, ndani ya tramu, alilia mpaka Midi, lakini alikuya."

"Nimekuuliza umekuja kwa nani."

Mkwaruzo. Mvua ilisikika huko chini, ikipiga kitu cha bati. Mauwa alihesabu moyoni, kama kule ukumbini. Moja. Mbili. Alihisi macho ya ukoo mzima mgongoni, alihisi shangazi nyuma yake ameshika ncha ya utaji wake kama anayemzuia mtoto asianguke. Tatu. Nne.

Sauti ya mwanamke ikaingia, ya mama aliyelowa na kuchoka.

"Sema jina ya mutoto ya bantu, Nday. Mi niko nalowa."

Tano.

"Nimekuya kwa Mauwa," alisema Nday, na chombo kile kibovu kikalitawanya neno mpaka jikoni, mpaka sebuleni, mpaka ngazini ambako majirani walikuwa wamefungua milango. "Mauwa binti Djibril."

Baba mkubwa Hamisi aliposikia jina la mdogo wake alishusha macho. Hakusema fungua. Hakusema usifungue. Alirudi sebuleni, wakamsikia akisogeza viti.

Mauwa alibonyeza. Mlango wa chini ulinguruma na kufunguka, na nyayo za watu wawili zikaanza kupanda, polepole, zikitafuta pa kukanyaga kati ya viatu.